Hakuna matata: nani kaubeba mzigo?

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo The Lion King, yenye kisa cha mwanasimba anayekimbia kwao baada ya baba yake kuuawa. Ndani yake wamo ngiri aitwaye Pumbaa na rafiki yake Timon, mnyama mdogo wa jamii ya nguchiro anayepatikana kusini mwa Afrika. Wawili hawa walipendwa mno kwa vichekesho vyao, hata mwaka 1995 wakatengenezewa mfululizo wao wenyewe wa televisheni, Timon & Pumbaa, ulioendelea hadi mwaka 1999. Kauli mbiu yao ni maneno mawili ya Kiswahili: hakuna matata.

Watazamaji wamegawanyika juu ya katuni hii. Wapo wanaosema kuwa ni kichekesho tu, mtoto acheke akalale. Wapo wazazi wa Kiislamu wasiopendezwa kuona mnyama wa jamii ya nguruwe akifanywa kipenzi cha watoto. Na wapo wanaolalamikia lugha: wanyama wamepewa majina ya Simba, Rafiki, Shenzi na Pumbaa, na faida yote imebaki Marekani. Malalamiko haya ya tatu yalipamba moto mwaka 2018, pale makumi ya maelfu ya watu walipotia saini kuipinga Disney kwa kuyasajili maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye mavazi.

Tuanze na ngiri. Tulichoharamishiwa ni kula nyama ya nguruwe, na sijui mkulima anayefumba macho ngiri akipita shambani. Tena anayeutazama mfululizo kwa makini ataona kuwa Pumbaa ndiye mwenye huruma, na mwenye hila na pupa ni Timon. Kama ni kuhofia tabia za mtoto, basi tumwogope huyo wa pili. Ama lugha, usajili ule ulihusu nguo, haukumfunga mtu mdomo. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuimbwa na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya katika "Jambo Bwana" mwaka 1982, miaka kumi na miwili kabla ya filamu.

Hata hivyo, kipo kitu tulichopoteza ambacho hakihitaji wakili. Hebu tujiulize: katika "Jambo Bwana", nani anamwambia nani kuwa hakuna matata? Ni mwenyeji anamwambia mgeni. Mgeni atulie, kwa sababu mwenyeji amekubali kuhangaika kwa niaba yake. Ndivyo tunavyosema hata sisi ambao kila siku hutumia zaidi "hakuna shida" au "usijali". Jirani aliyefiwa akiuliza watoto wake watalala wapi, nawe ukamjibu "hakuna shida", umekwisha kujitwisha godoro, chakula na kuwaamsha asubuhi. Maneno haya ni dhamana. Wasiwasi unatoka kichwani kwa mwenzako na kuhamia kwako.

Timon na Pumbaa wameyageuza. Wao huambiana hivyo ili mzigo usibebwe na yeyote.

Tusiwaonee, maana katika filamu yenyewe jambo hili lilipewa jibu. Walimkuta mwanasimba yatima, wakamliwaza, wakamlisha, wakakaa naye. Kwa mtoto mwenye huzuni kauli ile ilikuwa dawa. Lakini alipokuwa mkubwa, akiendelea kustarehe msituni, kwao kulikuwa na njaa chini ya utawala wa Scar. Ikabidi Nala amkute na kumweleza, naye akarudi kubeba alichokikimbia. Filamu inatuonesha gharama ya kustarehe kwake, na waliolipa ni wengine.

Mfululizo wa televisheni ulimchukua ngiri na rafiki yake, ukaichukua na kauli mbiu, kisha Nala na kijiji chenye njaa wakaachwa nyuma. Sasa wawili hawa wanazunguka dunia nzima na hakuna anayewasubiri nyumbani wala anayewadai. Dawa ya msimu imegeuzwa chakula cha kila siku.

Atakayewatetea atasema: mbona karibu kila kisa kimejaa matata? Wanafukuzwa, wanaanguka, wanadanganyana, na sisi tunacheka kwa sababu kauli yao si ya kweli. Hoja hii ina uzito, na mtu mzima anaiona. Lakini mtoto wa miaka mitano anaona pia kuwa kisa kikiisha, kila kilichovunjika kimesahauliwa, na kesho kinaanza kingine kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndugu msomaji, na sisi wakubwa tunaishi hivyo hivyo. Fundi anapokea fedha za malighafi, anasema "hakuna shida", kisha simu haipokelewi. Dereva anapakia maharage ya mkulima huku Ibaba, milimani Ileje, anamhakikishia kuwa yatafika Tunduma kabla ya mvua, ilhali anajua gari lake ni bovu. Baba anadaiwa ada, anajibu "Inshaallah" kwa namna ambayo mwalimu anaelewa kuwa hatalipwa. Jina tukufu la Mola linageuzwa pazia la uzembe, na tunaliita jambo hilo tawakkul.

Tawakkul tuliyofundishwa ina kamba. Yule aliyemuuliza Bwana Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Allah, aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kumfunga ni kazi yetu, na kinachobaki baada ya hapo tunamkabidhi Mwenyewe. Asiyefunga hana alichokabidhi.

Basi je, tuzime televisheni? Sioni haja. Kicheko ni neema, na mtoto akinyimwa katuni hii atapata nyingine. Kaa naye, mcheke pamoja, na kisa kikiisha muulize swali moja: "Walipokimbia, nani alibaki kusafisha?" Halafu siku utakapomwambia mtoto huyo "hakuna shida, nitakuja kukuchukua saa sita", hakikisha saa sita ikifika umesimama mlangoni. Maana ya maneno haya ataichukua kwako kabla ya kuichukua kwa ngiri.