Mwenye Kuandika Watu Kazi: Ana Deni kwa Nani?

Kuna kazi moja ambayo watu wengi wanaisema vibaya bila kuitazama vizuri. Ni kazi ya yule anayeandika watu kazi. Yeye si mkubwa wa kompani, wala si mfanyakazi wa mgodini. Ni mtu wa katikati. Kompani inamwambia: «Nataka mafundi kumi.» Basi anawatafuta, anawauliza maswali, anasoma barua zao, kisha anawapeleka. Watu wanadhani anakaa tu katika biro akigawa kazi kama apendavyo. Wako wa namna hiyo, ni kweli. Lakini ukimuuliza mmoja aliye mwaminifu, atakuambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kukataa watu. Habari ya nafasi moja ya dereva ikisikika Lubumbashi ao Kolwezi, barua zinafika chungu nzima. Mmoja atapata. Wengine watanyimwa, nao hawakukosa neno lolote.

Ulizo letu ni hili: mtu huyu analipwa na kompani, je, ana deni gani kwa yule asiyemlipa? Wengine wanajibu: hana deni. Seremala anamtumikia aliyeagiza meza, hazitumikii mbao. Jibu hili lina sura ya akili, lakini lina kosa kubwa. Mbao haisikii maneno ya seremala. Haiachi shamba na mke kwa kuwa imemsadiki.

Tutazame mambo yaliyotendeka Katanga. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, chama cha kutafutia migodi watu wa kazi. Wajumbe walizunguka vijiji, wakapitia kwa machifu na zawadi mkononi. Wengi wa watafutaji wa siku zile walilipwa kwa hesabu ya vichwa: watu wengi, franka nyingi. Mtu akilipwa hivyo, ulimi wake unajifunza upesi. Kijijini walisikia habari za blanketi, posho na mshahara. Habari za kuhara damu na ugonjwa wa mapafu, ambao uliua wengi kambini miaka ile ya kwanza, hawakuzisikia. Tena wengine hawakuulizwa hata kidogo. Chifu aliwataja, wakaenda.

Kufika mwisho wa miaka ya 1920, kompani ikabadili desturi: kontra za miaka mitatu, ruhusa ya kukaa na mke na watoto, nyumba na hospitali zilizo bora kuliko zile za kwanza. Sisemi ilifanya hivyo kwa huruma tupu. Ilipiga hesabu, ikaona mtu anayekaa ni faida kuliko kutafuta wapya kila mara. Hata hivyo, mtu aliyerudi kwao na afya yake aliweza kusimulia aliyoyaona, na neno lake likawa na nguvu kuliko la mjumbe. Sababu gani? Huyu hakulipwa kwa kusema.

Siku hizi hakuna anayepita vijijini namna ile. Lakini watu wengi wa migodi wanaandikwa na kompani za katikati, na wako wajanja wanaodai «pesa ya dosie» kwa kazi isiyokuwako. Mapatano namba 181 ya Shirika la Kazi la Dunia, ya mwaka 1997, yanakataza vyama vya namna hii kumtoza mtafuta kazi malipo, isipokuwa katika mambo machache yaliyoruhusiwa kwa sababu maalum. Ni vema. Lakini sheria inafunga mkono tu. Ulimi unabaki huru, na kimya pia kinabaki huru.

Kimya ndicho ninachokilaumu zaidi. Mtu amepeleka barua yake, ameambiwa: «Ngoja, tutakuita.» Anangoja mwezi, miezi miwili. Kibarua kidogo kinapita, anakiacha, asije akaitwa siku hiyo. Anakopa pesa. Na biro inajua tangu juma la kwanza kwamba nafasi imekwisha! Watasema: barua ni nyingi, karani ni mmoja. Sikubali. Neno moja katika simu linatosha, nalo ni deni, maana siku za yule mtu ni mali yake.

Liko jambo gumu kuliko hilo, nalo halitoki kwa kompani. Linatoka nyumbani. Mjomba anafika jioni na kuku mkononi. Amesikia una nafasi moja, na mtoto wa dada yake amemaliza masomo. Kijana si mbaya, ila mwingine ni hodari kuliko yeye. Utamwambia nini mjomba, yeye aliyekulipia masomo? Wanaocheka wenye kuandika watu na kuwaita wala rushwa, wafikiri usiku wa namna hiyo. Mjomba ana uso, ana jina, amekaa mbele yako anakula. Yule mwenye haki ni karatasi tu iliyobaki katika biro. Ukimnyima hatajua, wala hatakuja kulalamika mlangoni pako.