Msiuze Maua

Wanangu wa Mambasa, wa Biakato na wa Lwemba, kaeni mnisikilize. Jambo hili nimelisema miaka mingi na nimechoka kulirudia, lakini nikinyamaza nitakuwa nimewatupa.

Kila Januari mnakuja na habari: redio imesema, simu imeonyesha, wataalamu wametabiri kwamba uchumi wa dunia utakua na kakao itapata bei. Kesho yake mmoja wenu yuko kwa mnunuzi anakopa, na anachoweka rehani ni mavuno ambayo bado ni maua mtini. Bei anapanga mwenye pesa. Siku ya kuchuma, jasho ni lako na magunia ni yake.

Siwadharau wataalamu. Wamesoma, na kazi yao ina faida. Lakini wao hutabiri kwa masharti: vita visipopanuka, mvua zikinyesha vizuri, ugonjwa usipozuka. Ninyi mnaacha masharti, mnabeba namba. Januari 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitabiri kwamba uchumi wa dunia ungekua kwa asilimia 3.3 mwaka ule. Ikaja korona, na badala ya kukua ukashuka kwa karibu asilimia 3.

Tazameni kakao yenyewe. Magonjwa na hali mbaya ya hewa vilipoharibu mashamba ya Kodivaa na Ghana, inakotoka zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, bei ilipaa. Desemba 2024 tani moja ilipita dola 12,000 katika soko la New York. Kufikia Novemba 2025 ilikuwa chini ya dola 6,000. Aliyekopa akitazama bei ya kwanza alilipa deni kwa bei ya pili.

Wazee wenu waliyaona hayo kwa kahawa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ulivunjika, na bei ikaporomoka. Miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko ukakausha mibuni yetu ya robusta. Aliyekuwa na kahawa tu alibaki mikono mitupu. Mwenye mihogo na ndizi alilisha watoto wake.

Na sisi tuna balaa letu. Waasi wa ADF wakiingia kijijini, watu wanakimbia na kakao inaozea mtini, hata kama bei huko New York ni nzuri namna gani.

Basi fanyeni yaliyo mikononi mwenu. Msing'oe mihogo ili kupanda kakao kila mahali. Usiache mbachao kwa msala upitao. Vundikeni mbegu siku zake zote na mzigeuze, kisha mzianike kwenye turubai mpaka zikauke sawasawa. Mnunuzi akipasua mbegu kwa kisu akakuta ndani ni kahawia, hana neno. Akikuta zambarau au ukungu, anakata bei, na hapo huna la kujibu. Bei ikiwa nzuri, wekeni kitu kwenye likelemba, kikundi chenu cha kuchangishana akiba kwa zamu, kabla hamjafikiria pikipiki.

Sikilizeni utabiri, wanangu, mjue dunia inaelekea wapi. Ila deni msikope kwa ajili yake. Na yule kati yenu anayejiandaa kwenda kwa mnunuzi wiki hii kuuza maua, namsihi: asubiri achume, akaushe, apime, ndipo auze.