Gari Langu, Roho Yangu?

Reli iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi hutokea Kaliua na kukata misitu mirefu, na abiria aliyezoea upepo wa bahari hupata humo wasaa mwingi wa kufikiri. Nilikwenda huko kumjulia hali dada yangu. Mwanawe alinipokea kwa furaha, akanionyesha Subaru Impreza kuukuu, iliyotengenezwa katika miaka ya 1990, akanieleza kuwa ameona Dar es Salaam chipu ya kuifungua injini ili izunguke kupita kikomo alichokiweka mtengenezaji. Fedha zake zilikuwa pungufu, akaniomba nimwongezee. Nilipokataa alinijibu kwa adabu, lakini kwa uchungu: "Mjomba, gari langu, roho yangu. Mwenye kiwanda ni nani hata anipangie mwisho wangu?"

Siku ile sikuwa na jawabu. Ndugu msomaji, nalitafuta hapa.

Kikomo hicho ni nini? Ndani ya kompyuta ya gari imo chipu iliyohifadhi tarakimu: kiasi cha petroli, wakati wa cheche kuwaka, na idadi ya mizunguko ambayo ikifikiwa petroli hukatwa. Ukibadili chipu, umebadili tarakimu, chuma hukukigusa. Injini inayozunguka mara 7,000 kwa dakika huzunguka kiasi cha mara 117 kwa sekunde moja. Ikipanda kutoka 6,500 hadi 7,500, kasi yake imeongezeka kwa asilimia 15 tu, lakini mvuto unaotaka kuzikata konrodi umeongezeka kwa thuluthi nzima. Na springi za valvu, zilizochoka kwa kazi ya miaka thelathini, zikishindwa kuirudisha valvu kwa wakati, pistoni huikuta njiani, na hapo ndipo penye msiba.

Tena ile tarakimu ya kiwandani ilipimwa kwa chuma kipya. Chuma huzeeka, tarakimu haizeeki. Nahodha wa jahazi kongwe halitweki tanga lote katika kusi kali kwa hoja kwamba babu yake alilitweka. Huitazama kwanza kamba, kisha mlingoti, kisha mbao.

Hata hivyo, nisimdhulumu kijana. Si kila avukaye mpaka ni mharibifu. Katika miaka ya 1970 washairi wetu walizozana juu ya vina na mizani, na Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 wapo waliosema kuwa ushairi umevunjwa uti wa mgongo. Ushairi haukufa. Lakini aliyeiacha mizani kwa dhati hakujipunguzia kazi. Mwenzake alikuwa na hesabu ya kumwambia mshororo umetimia; yeye alilazimika kuupima kila mshororo kwa sikio lake mwenyewe. Na fundi mwaminifu hufanya vivyo hivyo: hubadili springi, huzipima konrodi, huhakikisha mafuta yanafika kila pembe, ndipo aisogeze ile tarakimu. Haki ya kuusogeza mpaka huja pamoja na wajibu wa kukiimarisha kile kitakachobeba uzito. Mpwa wangu aliitaka haki, na wajibu akauachia chuma kikuukuu.

Lipo na jambo la pili, ambalo fundi mmoja alinifunza. Kikomo cha kompyuta hukata petroli tu. Dereva aliye kasini akikosea, akatoka gia ya nne akaingiza ya pili, magurudumu yenyewe huisukuma injini kupita kikomo, na hakuna chipu iwezayo kuzuia. Kumbe kiwanda kiliulinda mguu. Mkono kiliuachia busara ya dereva. Uhuru aliodhani amenyimwa alikuwa nao tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemlinda nao isipokuwa nafsi yake.

Limebaki neno "roho yangu". Barabara itokayo Mpanda kwenda Sitalike na Sumbawanga hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hupitwa na wenye baiskeli na mabasi, na tembo nao huikatiza. Injini ikikamata gari likiwa katikati ya kulipita lori, itakayohesabiwa si roho moja. Na hata barabara ingekuwa tupu, yuko mama anayesikiliza mlango usiku. Gari ni lake, kweli. Roho ni yake, lakini wenye kuipenda wana haki ndani yake ambayo hawakuandikiana.

Basi nimemwandikia kuwa fedha nitazituma, ziwe za springi, mafuta na ujira wa fundi wa kuipima injini ilivyo leo. Fundi akisema inaweza, na yeye akiwa bado anaitaka chipu, tutazungumza tena. Hadi naandika haya, hajanijibu.