Amana ya Namba: Utabiri wa Mvua Songea na Swali la Ghaibu

Swali la iwapo binadamu anaruhusiwa kusema mvua itanyesha lini ni la zamani katika dini zote mbili kubwa zinazofuatwa mkoani Ruvuma, nalo limepata uzito mpya tangu kazi ya utabiri ilipokabidhiwa kompyuta. Muislamu hufundishwa, kwa mujibu wa Surat Luqman, kwamba ujuzi wa Saa ya mwisho na uteremshaji wa mvua ni vya Mwenyezi Mungu. Mkristo naye husoma katika Kitabu cha Ayubu jinsi Mungu anavyomhoji mja wake juu ya asili ya mvua na umande, hata mja akakosa la kujibu. Wakati huohuo mkulima wa mahindi wa Songea, anayetegemea mvua za msimu zinazonyesha mara moja tu kwa mwaka, kati ya Novemba na Aprili, hupokea kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania taarifa ya lini mvua zinatarajiwa kuanza, na kama zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake, naye huizingatia anapoamua lini apande na lini aweke mbolea ya kukuzia. Je, taarifa ya namna hiyo inaingilia ghaibu, yaani mambo ambayo Mungu amejiwekea mwenyewe?

Wanazuoni wa kale walikwisha kulijibu swali hili kwa mfano wa kupatwa kwa jua. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwaonya waumini wasibishane na hesabu za wanafalaki juu ya kupatwa kwa jua na mwezi, kwa kuwa anayepinga jambo lililothibitishwa kwa hesabu, akidhani kwamba anaitetea dini, huidhuru dini yenyewe. Thomas Aquinas, aliyeandika katika karne ya 13, alipita njia iliyo karibu na hiyo: kulijua jambo la mbele kwa kupitia visababishi vyake hakumkosei Mungu, na kosa la mpiga ramli ni kudai kwa nguvu zake mwenyewe ujuzi wa mambo ambayo visababishi vyake havimwonyeshi. Kwa hoja hizi mbili, mtabiri wa hali ya hewa anaonekana kuwa salama mbele ya msikiti na mbele ya kanisa, maana anasoma visababishi: joto, unyevunyevu, upepo na mgandamizo wa hewa.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haitoshi kwa mvua, na sababu yake inastahili kuangaliwa kwa karibu. Anayekokotoa kupatwa kwa jua hana la kuchagua, kwa kuwa mwendo wa mwezi na wa dunia ukishapimwa vizuri, hesabu inampeleka mahali pamoja bila kujali yeye ni nani. Modeli ya angahewa haiko hivyo. Modeli hiyo ni programu ya kompyuta inayoigawa hewa yote iliyo juu ya nchi katika vijisanduku, kisha ikakokotoa, hatua kwa hatua ya muda, jinsi hewa, joto na unyevunyevu vinavyohama kutoka kijisanduku kimoja kwenda kingine. Mojawapo ya modeli zinazotumika Tanzania ni ile iitwayo WRF, iliyotengenezwa Marekani na kutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuitumia. Kabla modeli haijaanza kazi, mtaalamu hufungua faili fupi la maandishi na kujaza humo vigezo, yaani namba zinazoiamuru modeli ifanye kazi kwa namna gani: kijisanduku kiwe na upana gani, hatua ya muda iwe na sekunde ngapi, mawingu yakokotolewe kwa kanuni ipi, na ardhi isomwe kutoka ramani ipi. Kati ya visababishi alivyoviweka Mungu na mvua inayotangazwa redioni, hapo ndipo unapopita mkono wa mtu anayechagua.

Namba hizo hazilingani kimaadili, na tofauti yake ndiyo kiini cha jambo lote. Zipo namba ambazo zikikosewa hujitangaza zenyewe. Mwaka 1928 wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba hatua ya muda haiwezi kuwa ndefu kiasi cha kuuruhusu mwendo wa hewa kukiruka kijisanduku kizima kwa hatua moja. Ndiyo maana mtumiaji wa WRF hushauriwa kuweka takriban sekunde 6 kwa kila kilomita ya upana wa kijisanduku, yaani sekunde 54 kwa kijisanduku cha kilomita 9, na hata kupunguza zaidi penye miteremko mikali kama ile ya Milima ya Livingstone kando ya Ziwa Nyasa. Akipuuza kanuni hii, upepo ndani ya modeli hukua hadi kufikia kasi isiyowezekana duniani, na programu husimama. Kosa la namna hii halimdanganyi mtu.

Namba nyingine hukubali lolote zinaloambiwa na kunyamaza. Ziwa Nyasa lenyewe ni mfano ulio karibu. Pale data za dunia nzima zinapokuwa pana mno kuweza kuliona ziwa, modeli, isipoelekezwa vinginevyo, inaweza kulipa ziwa hilo joto la maji kutoka nukta ya bahari iliyo karibu, nayo ni ya Bahari ya Hindi, mamia ya kilomita upande wa mashariki. Ziwa ambalo uso wake uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari linapewa hivyo joto la maji ya pwani, na mvuke unaopanda kuelekea Mbinga na nyanda za Wamatengo unakokotolewa kwa joto hilo la kuazima. Programu haisimami, wala hakuna onyo linaloandikwa, na ramani ya mvua inayotoka ina rangi nzuri kama ramani nyingine yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa ardhi: ramani ya uoto iliyotumika katika WRF kwa miaka mingi ilitokana na picha za setilaiti za kati ya Aprili 1992 na Machi 1993, kwa hiyo aliyeiacha ilivyo aliikokotolea Songea mvua kana kwamba miombo iliyofyekwa baadaye kwa ajili ya mahindi ingali imesimama.

Kigezo kigumu kuliko vyote ni kile cha mawingu. Katika kijisanduku chenye upana wa takriban kilomita 28, ambao ni upana wa kawaida wa data za dunia nzima, Milima ya Matogoro, chimbuko la Mto Ruvuma, husawazishwa hadi kukaribia kutoweka, na wingu la mvua ya alasiri, lenye upana wa kilomita chache tu, halionekani kabisa. Modeli hulazimika kulikisia kwa kanuni. Kanuni moja maarufu, iliyobuniwa na wataalamu wawili wa Marekani, Kain na Fritsch, huchukulia kwamba wingu likishachochewa litaimaliza nguvu iliyolinyanyua katika muda wa kati ya nusu saa na saa moja. Kijisanduku kikipunguzwa hadi chini ya kilomita 4 hivi, kanuni hiyo huzimwa na modeli huachiwa iyaunde mawingu yenyewe. Lakini baina ya upana huo na kilomita 10 lipo eneo ambalo wataalamu huliita la kijivu, mahali ambapo wingu limeonekana nusu na kukisiwa nusu, na hakuna namba iliyo sahihi bila shaka. Mtaalamu huchagua, kwa kuwa asipochagua hapati utabiri wowote.

Mtu anaweza kudai kwamba uchaguzi huhesabiwa haki na matokeo yake: namba inayolingana na mvua iliyopimwa ndiyo namba ya kweli. Dai hili linavutia, lakini halisimami. Kipimamvua cha kituo, ambacho ni chombo cha kukingia mvua, husomwa saa tatu asubuhi na kutoa jumla ya saa 24 zilizopita. Sasa inajulikana kwamba modeli nyingi zinazokisia mawingu kwa kanuni huinyesha mvua ya nchi za joto mapema mno, karibu na adhuhuri, ilhali mvua halisi hushuka alasiri au jioni. Modeli inaweza kuinyesha Songea milimita 20 saa sita mchana, mbingu zikanyesha milimita 20 saa kumi na moja jioni, na kesho yake saa tatu asubuhi kipimamvua kikaonyesha kwamba vyote viwili vimepatana. Anayerekebisha vigezo vyake kwa kutazama jumla hiyo peke yake ataridhika, na huenda akaongeza kosa la pili ili lifute la kwanza, akapata hesabu inayokubaliana na kipimo huku kila kilicho ndani yake kikienda kombo.

Plato aliliuliza jambo hili katika mazungumzo yaitwayo Meno: anayedhani njia ya kwenda Larissa na akafika, ana tofauti gani na anayeijua? Fiqhi ya Kiislamu ina jibu lenye makali zaidi, kwa sababu linamgusa mwenye madaraka juu ya wengine. Hakimu mwenye elimu aliyejitahidi kwa uwezo wake wote, jitihada ambayo wanazuoni huiita ijtihadi, hupata malipo mawili akipatia na malipo mamoja akikosea. Lakini anayehukumu bila elimu ameahidiwa adhabu, na wapo wanazuoni waliosema kwamba hata akipatia kwa bahati hasalimiki. Hukumu hiyo yamstahili pia mwenye kujaza vigezo. Dhamana yake haiishii kwenye mvua iliyonyesha au isiyonyesha. Inaanzia pale alipochagua kanuni ya mawingu, alipoliacha au kulirekebisha joto la ziwa, na alipokubali au kukataa kujipima kwa miaka ambayo hakuitumia katika marekebisho yake. Ghaibu haikuvunjwa hapo. Kinachoweza kuvunjwa ni amana.

Mfano bora wa kuitunza amana hiyo ulitolewa na mtu aliyeshindwa. Lewis Fry Richardson, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker, ambayo hukataa vita, alikuwa akiwahudumia majeruhi nchini Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza alipofanya kwa mkono hesabu ya kwanza ya aina hii, akichukua vipimo vya Ulaya vya tarehe 20 Mei 1910 na kujaribu kujua mgandamizo wa hewa ungebadilika kiasi gani kwa saa 6. Alipata badiliko la milibari 145, jambo lisilowezekana, wakati siku ile hewa haikubadilika sana. Mwaka 1922 alilichapisha kosa hilo lote, pamoja na kila hatua ya hesabu, na kwa sababu hiyo waliomfuata waliweza kuonyesha kwamba tatizo lilikuwa katika vipimo vya kuanzia ambavyo havikusawazishwa, na kwamba milinganyo yenyewe ilikuwa sawa. Angeweza kurekebisha namba moja au mbili hadi jibu lipendeze, na pengine hakuna ambaye angejua.

Jambo hili lina upande wa kidini ambao haujadiliwi vya kutosha. Mvua zinapochelewa, mkulima wa Namtumbo aliyepanda kwa kutegemea utabiri akaona mbegu inaozea ardhini, husema kwamba Mungu hakupenda, naye husema hivyo kwa imani safi. Waislamu huswali swala ya kuomba mvua, Wakristo hufunga na kusali, na ibada hizo hazipingani na modeli yoyote, kwa kuwa muumini anamwomba mwenye visababishi vyote. Lakini endapo mvua ile ilitabiriwa kwa sababu Ziwa Nyasa lilipewa joto la Bahari ya Hindi na hakuna aliyeangalia, basi kulitamka jina la Mungu juu ya hasara hiyo, kwa mtu anayeijua sababu, ni kumbebesha Mungu kosa la ofisini. Mkulima hana namna ya kulitambua hilo, maana faili la vigezo hajawahi kuliona wala hakuna aliyemwambia kwamba lipo. Anayelijua ni yule aliyelijaza, na ni yeye anayepaswa kusema, kabla msimu mwingine haujaanza, ni namba ipi aliyoiweka na kwa nini.