Dini ya Kubuni na Deni la Kweli

Mtunzi wa mchezo wa kompyuta anapochota visa, mizimu na matambiko ya watu halisi ili kuunda dini ya watu wasiokuwapo, anadaiwa nini na watu hao? Swali hili huonekana dogo kwa kuwa mchezo ni mchezo. Hata hivyo, katika michezo ya mikakati, ambamo mchezaji huongoza dola kwa karne nyingi, dini si pambo. Ni kanuni: huamua nani ataanzisha imani, nani atatuma wahubiri na nani atapokea tu. Kanuni hufundisha hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kufundisha.

Eneo la Minneapolis na Saint Paul lina historia ndefu katika jambo hili. Ni huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dave Arneson alikoigeuza michezo ya vita ya mezani kuwa dunia ya Blackmoor, mojawapo ya mizizi ya Dungeons & Dragons iliyotolewa mwaka 1974. Ni huko pia M.A.R. Barker, profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota na mtaalamu wa Kiurdu, alikoiendeleza dunia yake ya Tékumel, iliyochapishwa kama mchezo mwaka 1975. Dunia hiyo ina miungu mitano ya Uthabiti na mitano ya Mageuzi, kila mmoja na makuhani wake. Haikuwa kazi ya mtu asiyejua. Barker alikuwa amekwisha kurekodi masimulizi ya Waklamath wa Oregon na kuyachapisha mwaka 1963; alifahamu jinsi jamii inavyoihifadhi imani yake ndani ya lugha.

Lakini mwaka 2022, taasisi inayotunza kazi zake ilikiri hadharani kwamba Barker ndiye aliyeandika, kwa jina la bandia, riwaya ya kinazi iliyotoka mwaka 1991. Kisa hiki kinavunja jibu jepesi linalotolewa mara nyingi, kwamba mtunzi akifanya utafiti wa kutosha deni lake limelipwa. Mtu aweza kuzijua imani za watu wengi kwa undani na bado asiwahesabu watu wote kuwa sawa.

Leo, mtoto wa familia ya Afrika Mashariki au ya Kongo anayekulia Golden Valley, mji mdogo unaopakana na Minneapolis kwa upande wa magharibi, anaweza kukutana na ufalme wa Kongo kwenye kompyuta kabla hajasimuliwa habari zake nyumbani. Katika Civilization VI, mchezo wa mwaka 2016, Kongo inaongozwa na Mvemba a Nzinga, naye hawezi kuanzisha dini. Hupokea mafundisho ya dini yoyote itakayoenea katika miji yake mingi. Watunzi wana hoja: mfalme huyo alitawala tangu 1509 hadi miaka ya 1540, naye aliufanya Ukristo kuwa dini ya dola yake. Zaidi ya hayo, kwa mchezaji hodari kanuni hiyo ni nguvu, si udhaifu.

Hata hivyo, historia ya Kongo inaikataa kanuni hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 18, Kimpa Vita, mwanamke kijana, alitangaza kwamba Mtakatifu Antoni anasema kupitia kwake, akafundisha kwamba Yesu alizaliwa Kongo, akawarejesha watu katika mji mkuu uliokuwa umehamwa kwa sababu ya vita. Alichomwa moto mwaka 1706. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya huko Nkamba; miezi michache baadaye alikamatwa, akabaki kifungoni hadi alipofariki mwaka 1951. Kanisa lenye jina lake lingali hai. Watu walikufa kwa kufanya jambo lile hasa ambalo mchezo unasema hawaliwezi.

Kabla ya kuwalaumu watunzi wa ng'ambo, inafaa kukifungua Kiswahili chenyewe. Neno dini limetoka Kiarabu, na kwa kawaida msemaji hulitumia kwa Uislamu na Ukristo. Yaliyobaki huitwa mila, jadi, imani za asili, na anapokasirika, ushirikina. Fomu nyingi na mazungumzo mengi hufuata mpaka huohuo: aliye nje ya msikiti na kanisa huambiwa hana dini. Kanuni ya kwamba wengine huanzisha na wengine hupokea ilikuwamo katika msamiati kabla haijaandikwa katika programu.

Hii haina maana kwamba kuchota ni dhambi. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, iliyotokana na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yaliyoaminiwa kuwa yangewakinga wapiganaji wa Majimaji, 1905 hadi 1907, dhidi ya risasi. Mchezo wa mikakati ungeyafanya maji hayo kuwa nyongeza ya ulinzi kwa askari, basi. Hussein alibuni mengi, tena bila kujifungia kwenye kumbukumbu za historia. Lakini nabii wake anasumbuliwa na neno lake mwenyewe, analishuku, na mwishoni anakataa kulikana kwa ajili ya wale watakaokuja baadaye. Umepotoshwa ukweli wa matukio, haukupotoshwa utu wa aliyeamini.

Hapo ndipo deni lilipo. Mtunzi hadaiwi usahihi wa kila tambiko, wala hadaiwi ruhusa ya wafu. Anadaiwa kumwachia muumini wa kubuni uwezo ambao muumini wa kweli alikuwa nao: kuuliza, kushuku, kuasi, kuanzisha. Dini inayohesabiwa kwa alama tu huwanyima wenyewe uwezo huo, hata ikipambwa kwa majina sahihi na ngoma za kweli.

Na mzazi wa Golden Valley naye ana sehemu yake. Mwanawe akiuliza kwa nini Kongo haina dini yake, jibu litategemea kwanza neno atakalolichagua: dini, au mila tu.