Umoja Usio na Adui

Kila kiumbe humhitaji mwenzake. Neno hili halina mpinzani. Swali lililo gumu zaidi ni hili: haja ikiisha, umoja hubaki?

Katika nyanda za Laikipia, nchini Kenya, huota mgunga mfupi ambao baadhi ya miiba yake ina vinundu vilivyo wazi ndani. Humo hukaa sisimizi. Mti huwapa nyumba, tena huwatolea maji matamu kwenye vikonyo vya majani. Wao huulinda: ndovu au twiga akiugusa, humtokea kwa wingi, wakamwuma mpaka auache. Kila upande hutoa ulicho nacho, hupata usicho nacho.

Mwaka 1995 sehemu za nyanda hizo zilizungushiwa ua ili kuzuia wanyama wakubwa. Baada ya miaka 10 wataalamu waliichunguza miti iliyokuwa ndani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Ingedhaniwa kuwa mti usioliwa hustawi. Haikuwa hivyo. Mti uliokosa adui ulipunguza ujira: vinundu vikawa vichache na maji matamu yakawa haba. Walinzi wake wakapungua nguvu, wakazidi kufuga wadudu wanyonyao utomvu wa mti ule ule. Sisimizi wa aina nyingine, wasio na bidii ya ulinzi, wakaongezeka; hao hukaa katika matundu yatobolewayo na wadudu ndani ya shina. Miti iliyokaliwa na sisimizi hao ikakua polepole na kufa kwa wingi kuliko ile iliyokaliwa na walinzi.

Mti haustahili lawama, kwani hauna ulimi wa kuahidi. Lakini watu wenye ndimi hufanya hesabu iyo hiyo. Uingereza, Marekani na Umoja wa Kisovieti zilipigana bega kwa bega dhidi ya Ujerumani hadi mwaka 1945. Mwaka 1948 zilikuwa zikigombania mji wa Berlin.

Je, yafaa basi kumtamani adui? Wako watawala waliojibu ndiyo. Walipoona umoja walegea, walimtafuta mtu wa kuchukiwa, na walipomkosa walimbuni. Kwa kawaida alikuwa jirani mnyonge. Umoja wa namna hiyo hununuliwa kwa damu ya asiye na hatia, na bei yake haina mwisho, maana adui mmoja akiisha hutakiwa mwingine.

Jibu lililo jema limo katika chama cha kufa na kuzikana. Wanachama wake huchanga hata katika mwezi usio na msiba. Hawasukumwi na hofu ya siku ile. Hufungwa na ahadi, na ahadi ni deni. Siku ya hatari hata woga huunganisha watu. Utu hupimwa siku ya amani, mchango unapodaiwa na hakuna aliyekufa.