Jasho la Wajenzi na Utakatifu wa Kanisa

Ziara ya miguu ya kupita kanisa hadi kanisa, kiongozi akieleza nani alijenga na lini, imezoeleka Bagamoyo na Mji Mkongwe wa Zanzibar kuliko Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri nchini Kongo. Lakini swali linaloibuliwa na ziara hiyo linaigusa Ituri moja kwa moja: nyumba iliyosimamishwa chini ya nguvu ya ukoloni inakuwaje takatifu?

Kanisa Katoliki lina jibu la kisheria. Kwa kanuni ya 1205 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, mahali patakatifu ni pale palipotengwa kwa ibada kwa kutabarukiwa au kubarikiwa. Utakatifu basi hautoki kwenye tofali wala kwenye nia ya aliyelifyatua. Unaweza kuvunjwa heshima, hata hivyo: kanuni ya 1211 inataja matendo mazito ya kuumiza yanayotendwa humo na kuwakwaza waamini, na ibada husimama mpaka toba ifanyike. Kwa watu wa Bunia hayo si maneno ya vitabuni tu. Mwezi Mei 2003, katika parokia ya Nyakasanza, mapadri wawili waliuawa pamoja na raia waliokimbilia hapo kujificha.

Kanuni hiyo inatazama yaliyotendeka ndani ya nyumba iliyokwisha kutengwa kwa ibada. Yaliyotangulia haiyaulizi. Mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru ya Kongo uliipa kila misheni hekta 100 hadi 200 za ardhi, na misheni ikaahidi kufungua shule chini ya usimamizi wa serikali. Wenye ardhi hiyo hawakuwa mezani. Katika misheni nyingi za Kongo wanafunzi na wakatekumeni ndio waliofyatua na kubeba matofali, na mpaka kati ya sadaka na shuruti haukuonekana wazi. Ituri ilikuwa na nguzo zote tatu za ukoloni wa Kibelgiji: serikali, kampuni (hapa dhahabu ya Kilo-Moto) na misheni ya Mapadri Weupe. Vikarieti yao ya Ziwa Albert ikawa Jimbo la Bunia tarehe 10 Novemba 1959, miezi isiyotimia minane kabla ya uhuru.

Wapo wanaosema matumizi yameisafisha asili. Hoja yao ina uzito. Mwaka 1956 mapadri weusi, miongoni mwao Vincent Mulago wa upande wa Bukavu, walichapisha Paris kitabu kilichohoji imani ifungamane vipi na maisha ya Mwafrika. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire (Kongo ya leo), ambamo mababu wenye haki huitwa pamoja na watakatifu, na watu hucheza kuizunguka altare. Chini ya paa zilizochorwa na wageni, sala imekuwa ya wenyeji.

Hata hivyo kuimiliki nyumba si kulipa deni la walioijenga. Deni hilo linalipwa kwanza kwa kusimuliwa, na ziara nyingi hulikwepa. Bagamoyo, walikofika Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, mgeni hupelekwa haraka kwenye mnara ulipolazwa mwili wa mpelelezi Mskoti David Livingstone, Februari 1874. Naye hakuwa hata Mkatoliki. Watoto waliokombolewa utumwani, kisha wakalima mashamba ya misheni, hupata sentensi moja, wakati ndio walioifanya misheni iwe misheni.

Kiongozi wa ziara Bunia angekuwa na kazi ngumu zaidi, kwa kuwa yanayohitaji kusemwa hayakuandikwa palipo rahisi. Rejista ambazo kanuni ya 535 inaamuru kila parokia izitunze zina waliobatizwa, waliooana na waliokufa. Mpiga matofali yumo kwa ubatizo wake, si kwa kazi yake. Kazi hiyo inajulikana na wazee wa jumuiya ndogo na makatekista wastaafu, na hao ndio wanaofaa kuongoza. Wakati wa ziara nao una sheria yake. Kanuni ya 1221 inataka kuingia kanisani wakati wa ibada kuwe bure, na ya 1210 inaruhusu humo mambo ya ibada tu, isipokuwa kwa idhini ya mkuu wa Kanisa mahalia. Mkazi wa mtaa wa Ngezi, Bunia, anayewahi Misa ya asubuhi huingia kusali, na wageni wenye kamera husubiri nje hadi itakapokwisha.